Mtumbwi wa Papi: Chombo Kijengwacho Nyumbani

Mtu asikiapo neno mtumbwi, mara nyingi hufikiri gogo moja la mwembe au la mvule, lililoangushwa na kuchongwa kwa shoka na tezo mpaka likawa chombo. Katika Kanada na sehemu za kaskazini za Marekani iko mitumbwi ya namna nyingine kabisa. Haichongwi katika gogo, wala haina mataruma ndani yake kama jahazi, wala hakuna msumari hata mmoja unaobaki ubavuni mwake, jambo ambalo litawakumbusha watu wa Lamu habari za mtepe uliokuwa ukishonwa kwa kamba. Mitumbwi hiyo hujengwa kwa papi za mbao, ambazo upana wake ni robo tatu ya inchi na unene wake robo inchi tu, yaani unene upatao ule wa penseli. Papi hizo huunganishwa ubavu kwa ubavu kwa gundi, kisha chombo chote hufunikwa ndani na nje kwa kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za kioo.

Wajengao si mafundi wa vyombo. Wengi wao ni waalimu, makarani, wakulima na watu waliostaafu, na kazi yao huifanya jioni na siku za mapumziko, katika banda la gari au katika ghala nyuma ya nyumba. Hata hivyo chombo kinachotoka mikononi mwao huchukua watu wawili pamoja na mahema na chakula cha juma zima, hupita juu ya mawe ya mtoni, na mwisho wa safari mtu mmoja hukiinua na kukitia mabegani. Yafaa kueleza jinsi jambo hilo linavyowezekana, na pia mahali ambapo kazi yenyewe huharibika.

KWA NINI WEPESI UNATAKIWA

Nchi zile zina maziwa mengi mno, makubwa na madogo, yaliyo karibu karibu lakini hayakuungana. Katika Boundary Waters, hifadhi iliyo mpakani mwa jimbo la Minnesota na Kanada, yako maziwa zaidi ya 1,000. Msafiri hupiga kafi mpaka mwisho wa ziwa moja, hushuka, hubeba mtumbwi na mizigo kwa njia ya msituni, kisha huutia mtumbwi majini katika ziwa la pili. Njia hizo za kubebea hupimwa kwa kipimo cha kale kiitwacho rod, ambacho ni futi 16 na nusu. Huo ndio urefu wa mtumbwi wa kawaida, au karibu yake, hata mtu aweza kuyafikiri mapito hayo kwa hesabu ya mitumbwi iliyopangwa mmoja mbele ya mwingine.

Wenyeji wa nchi hizo, kama Waojibwe na Waalgonquin, walilijua jambo hilo tangu zamani. Walijenga mitumbwi ya gome la mti wa betula, lililoshonwa kwa mizizi, likazibwa kwa utomvu wa misonobari na kutegemezwa ndani kwa mbavu nyembamba za mwerezi. Wazungu walipofika wakitafuta manyoya ya wanyama, walisafiri kwa mitumbwi hiyo hiyo, maana hakikuwapo chombo cha kwao kilichofaa. Katika miaka ya 1850 mafundi wa upande wa Peterborough, katika jimbo la Ontario, walianza kujenga mitumbwi ya mbao nyembamba juu ya kalibu, na mji huo ukapata sifa kwa kazi hiyo. Leo iko huko nyumba ya makumbusho ya mitumbwi peke yake, ambayo ilihamia jengo jipya mwaka 1024 ukiongezwa elfu moja, yaani 2024.

Ngozi ya kioo ilikuja baadaye. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia watu wa mashindano ya mitumbwi katika Minnesota walitaka vyombo vyepesi kuliko vyote, nao wakaanza kufunika papi za mwerezi kwa kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa kwa gundi. Mwaka 1983 Ted Moores wa Ontario na mwandishi mwenzake Merilyn Mohr walitoa kitabu kiitwacho Canoecraft, kilichoeleza kazi hiyo hatua kwa hatua, na tangu hapo watu wasiohesabika wameijaribu nyumbani.

SIRI YA NGUVU ZAKE

Upapi mmoja wa mwerezi wenye unene wa robo inchi huvunjika mikononi mwa mtoto. Kitambaa cha kioo nacho, kikiwa peke yake, hujikunja kama shuka. Viwili hivi vikishikana, mambo hubadilika.

Ubavu wa mtumbwi ukisukumwa na jiwe kutoka nje, ngozi ya nje hubanwa, na ngozi ya ndani huvutwa. Nyuzi za kioo hazikubali kuvutika kwa urahisi. Lakini haziwezi kusaidia ila zikiwa zimetenganishwa, na hiyo ndiyo kazi ya mbao: kuziweka ngozi mbili mbali moja na nyingine, zisisogeleane wala zisiteleze. Katika mambo ya ujenzi unene una nguvu kubwa kuliko watu wengi wadhanivyo. Ubao ukizidishwa unene mara mbili, ugumu wake wa kupindwa huongezeka mara nane. Kwa hiyo mbao nyepesi iliyo katikati, ijapokuwa yenyewe ni dhaifu, huwapa ndugu zake wawili nafasi ya kufanya kazi yao.

Kutokana na hayo yafuata mambo mawili ambayo mjenzi hana budi kuyakumbuka siku zote. La kwanza, mtumbwi wenye ngozi ya nje tu bado haujawa mtumbwi. La pili, mahali popote ambapo ngozi haikushikana na mbao, pawe padogo kama sarafu, pana udhaifu uliofichwa.

MBAO NA KALIBU

Mbao ipendwayo ni ya mwerezi mwekundu wa pwani ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini. Ni nyepesi, nyuzi zake zimenyooka, na haiozi upesi. Msomaji asidhani kwamba ni ule mwerezi wa Lebanoni anaousoma katika Maandiko. Wala si ndugu wa karibu wa mtarakwa wetu wa milimani, ingawa mtarakwa pia huitwa mwerezi na wauza mbao. Jina moja limepewa miti mbalimbali kwa sababu ya harufu yake.

Mjenzi hununua mbao ndefu zisizo na vifundo, akazipasua papi kwa msumeno wa duara wenye ukingo mwembamba. Hapa pana hasara ambayo wengi hawaihesabu. Ikiwa msumeno unakula nusu ya robo ya inchi kila unapopita, basi katika kila inchi tatu za mbao, inchi mbili huwa papi na inchi moja huwa vumbi. Mtumbwi wa futi 16 hutaka papi kama 60 au 70, na mtu mwenye busara hupasua na za akiba, maana nyingine huvunjika. Wengi huzipitisha papi katika mashine ya kuchimba mifuo ili ukingo mmoja uwe wa mviringo na wa pili uwe na mfuo, hivyo kila upapi ukalie mwenzake kama kiungo cha goti kilivyokaa. Asiye na mashine hiyo huziranda kingo kwa mkono, moja moja, kwa pembe inayotakiwa. Kazi huchukua muda mrefu zaidi, lakini mtumbwi hauwi mbaya kwa ajili hiyo.

Kabla ya upapi wa kwanza haujawekwa, yapasa kujenga kalibu. Kila kalibu ni ubao wa plaiwudi uliokatwa kwa umbo la mtumbwi mahali fulani, kama vile mtumbwi ungekuwa mkate uliokatwa vipande. Kalibu hizo, kama 15 hivi, husimamishwa kichwa chini juu ya boriti ndefu iliyonyooka, moja baada ya nyingine, kwa umbali wa futi moja. Kingo zake hufunikwa kwa utepe ili gundi isizishike, kwa sababu zote zitaondolewa baadaye, na zaweza kujengewa mtumbwi wa pili na wa tatu.

Hii ndiyo sehemu ya kazi ambayo mtu mwenye haraka huipita mbio, na ambayo humlipiza. Mjenzi hufunga uzi kutoka omo hadi tezi, akatumia pimamaji na timazi, akahakikisha kwamba mstari wa katikati wa kila kalibu uko chini ya uzi ule. Kisha huchukua upapi mmoja mrefu, akaulaza juu ya kalibu zote na kutazama kwa jicho moja, kama mtu anayelenga shabaha. Upapi ukigusa kila kalibu bila kuacha nafasi na bila kulazimishwa, kalibu ni sawa. Ukipinda ghafula mahali, kalibu moja imekaa vibaya. Kosa la robo inchi lirekebishwalo leo kwa kabari ndogo, likiachwa, litakuwamo katika mtumbwi maisha yake yote, na mpiga kafi atashangaa kwa nini chombo chake hakitaki kwenda moja kwa moja.

KUPANGA PAPI

Upapi wa kwanza huwekwa mahali patakapokuwa ukingo wa juu wa mtumbwi, na kwa kuwa chombo kimegeuzwa kichwa chini, kazi hupanda kutoka ukingo huo kuelekea mahali pa mkuku. Katika mfuo wa kila upapi hutiwa mstari mwembamba wa gundi ya seremala, upapi wa pili hukalishwa juu yake, na vyote hushikizwa kwenye kalibu kwa pini ndogo za miguu miwili, kama zile zifungazo karatasi ofisini, ila hizi ni nene zaidi. Kwenye ncha mbili papi hukutana na mti wa omo na mti wa tezi, ambao hutengenezwa kwa vipande vyembamba vya mbao ngumu vilivyopikwa kwa mvuke mpaka vikakubali kupinda.

Iko kanuni moja isiyovunjwa: upapi wa kulia, kisha upapi wa kushoto. Mtu akipanga ubavu mmoja mpaka mwisho ndipo aanze wa pili, mvuto wa papi hupotosha kalibu zote upande mmoja. Mbavu zikikwisha, chini ya mtumbwi hubaki nafasi yenye umbo la jani, na papi za mwisho hukatwa kila moja kwa kipimo chake. Fundi mpole huweza kutumia jioni nzima kwa papi mbili, na hakuna wa kumlaumu.

Pini zikisha kung'olewa, chombo huonekana kama pipa lenye pembe pembe. Hurandwa kwa randa ndogo, kisha husuguliwa kwa msasa uliobandikwa juu ya ubao mrefu unaopindika, ili ubao uvuke juu ya vilima na usiingie mabondeni. Macho hudanganya, kiganja cha mkono kikipitishwa polepole, macho yakiwa yamefungwa, hakidanganyi. Mbao iliyobonyea hunyunyiziwa maji moto, nayo huvimba na kurudi mahali pake. Na kwa kuwa vumbi la mwerezi hudhuru mapafu, na watu wengine huwapa pumu, barakoa ya vumbi haivuliwi wakati wa kazi hii.

SIKU YA GUNDI

Mpaka hapa kila kosa laweza kusahihishwa. Siku ya kubandika kitambaa mambo ni mengine. Gundi itumiwayo huitwa epoksi. Huja katika vyombo viwili, gundi yenyewe na dawa yake ya kuigandisha, navyo huchanganywa kwa kipimo kile kile kilichoandikwa na watengenezaji. Wako wanaodhani kwamba wakiongeza dawa itaganda upesi zaidi, kama vile mtu aongezavyo kuni chini ya sufuria. Sivyo ilivyo. Sehemu moja hushikana na sehemu yake, na inayozidi hubaki bila mwenzi, ikaifanya ngozi yote kuwa laini na yenye kunata. Mtumbwi ulioharibika hivyo hauna dawa ila kukwanguliwa wote.

Epoksi ikichanganywa hutoa joto lake yenyewe. Iliyojaa kopo refu huweza kuchemka na kutoa moshi kabla hata haijapakwa, na kwa hiyo huchanganywa kidogo kidogo na kumiminwa upesi katika sinia pana. Tena mbao ina hewa ndani yake. Joto la chumba likiwa linapanda, hewa hiyo hutanuka na kutoka, ikaacha mapovu elfu chini ya kitambaa. Joto likiwa linashuka, hewa hunywea, ikaivuta gundi ndani ya mbao. Ndiyo sababu wajenzi wenye kujua hupasha banda joto mapema, kisha huanza kupaka wakati wa alasiri, jua linapopungua.

Kitambaa kikavu hulazwa juu ya mtumbwi na kulainishwa kwa mikono kama shuka ya kitanda. Rangi yake ni nyeupe. Gundi inapomiminwa na kusambazwa kwa kipande cha plastiki, weupe hutoweka na mwerezi hutokea chini yake, mwekundu na wenye kung'aa, hata ni vigumu kuamini kwamba kuna kitu juu yake. Palipobaki weupe pamekosa gundi. Palipong'aa kupita kiasi gundi imezidi, na kitambaa kinaelea badala ya kushika. Gundi hiyo hukokotwa na kuondolewa, maana huongeza uzito na haiongezi nguvu. Kwa kawaida hupakwa mara tatu: ya kwanza kulowesha, mbili za baadaye kujaza matundu ya mfumo.

Mikono huvaliwa glavu, na madirisha huachwa wazi. Mwili wa mtu aweza kuizoea epoksi kwa ubaya, yaani ikimgusa mara nyingi, siku moja ngozi yake huanza kuwasha na kuvimba, na tangu siku hiyo hawezi tena kuikaribia. Wako mafundi walioacha kazi kwa sababu hiyo.

Ngozi ya nje ikisha kukauka, mtumbwi hugeuzwa na kalibu huondolewa. Wengi hushtuka saa hiyo. Chombo walichokihangaikia miezi mingi hulegea na kutikisika kama kapu, kwa sababu kina ngozi moja tu. Hulazwa katika utanda wa nguo, ndani hukwanguliwa gundi iliyochuruzika, husuguliwa, kisha hubandikwa kitambaa cha pili. Siku ya pili yake mtu akigonga ubavu kwa vidole husikia sauti ya ngoma.

KUMALIZA, NA KUINGIA MAJINI

Zilizobaki ni kazi za kupendeza. Kingo za juu hufungwa mbao ngumu ndefu, ndani na nje. Viti viwili husukwa kwa henzirani au kwa ngozi mbichi. Katikati hutiwa mti unaokingama kutoka ubavu hadi ubavu, uliochongwa kama nira ili ukae mabegani, na mahali pake hutafutwa kwa kuupima mtumbwi uliokamilika, mpaka omo na tezi zilingane uzito. Mwisho hupakwa vanishi ya vyombo vya baharini mara kadhaa. Vanishi hiyo si pambo. Epoksi haivumilii mwangaza wa jua. Ikiachwa wazi hufifia na kuharibika, na kwa hiyo vanishi hupakwa upya kila inapochakaa, na chombo huwekwa kivulini kisipotumika.

Mtumbwi wa futi 16 uliojengwa vizuri huwa na uzito wa ratili 50 hadi 60, yaani kilo 23 hadi 27 hivi. Kazi yake huchukua saa 200 au zaidi, na kwa mtu wa jioni na Jumamosi hizo ni miezi ya msimu mzima wa baridi. Fedha nyingi haziendi katika mbao bali katika epoksi na kitambaa, na mtu atakaye kuweka akiba huweza kupunguza urembo, vifaa vya mapambo na hata mashine, lakini si kipimo cha gundi.

Siku ya kwanza majini hufanyika karibu na ufuko, mahali pa kusimama, watu wote wakiwa wamevaa maboya. Mtumbwi mpya hutikisika chini ya mtu asiyeuzoea. Hupigwa magoti ndani yake, wala haisimamwi. Wajenzi wengine huujaza maji makusudi ili waone jinsi unavyokaa. Kwa kuwa mwerezi ni mwepesi kuliko maji, mtumbwi uliojaa kwa kawaida hauzami, bali huelea kingo zikiwa sawa na maji, na aliyepinduka hushikamana nao mpaka apate msaada, asijaribu kuogelea kwenda pwani. Baada ya hapo hutolewa, hukaushwa, na mwenyewe hupitisha kiganja chake nje na ndani, akitafuta mkwaruzo uliofika mbao. Akiuona huukausha kwanza kabisa, ndipo auzibe kwa tone la epoksi.